Ndugu wa Yusufu Walioachwa Mlangoni

Siku ile ya chai ya kuniaga, ninyi vijana wa chumba cha matangazo mliniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Nimekaa na ombi hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kwanza nilidhani mlisema kwa adabu tu, kama mtu anayemwambia mgeni "karibu tena" huku ameshika komeo. Kisha nikaona kwamba nisipoandika mtasema mzee ana maringo. Basi naandika, na mkiona haikuwa lazima, mniwie radhi.

Vyeo sitavitaja. Mishahara nayo tuliisema vya kutosha ilipokuwa ikichelewa. Nitasema juu ya mwaka wangu wa kwanza, miaka ya hamsini, na kipindi kimoja kilichokufa mbele ya macho yangu, kwa sababu mengi niliyowafundisha baadaye yalitoka pale.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Bagamoyo nikiwa nimemaliza chuo cha ualimu. Cheti changu nilikifunga katika kitambaa, nikakifungua na kukifunga tena mara nyingi sana njiani, nisije nikafika nacho si chenyewe. Kituo cha redio kilikuwa bado kichanga. Kilihitaji mtu wa kusahihisha Kiswahili cha vipindi na kusoma matangazo madogo, na mtu mmoja alikuwa amewaambia kwamba watoto wa Bagamoyo wana ulimi mzuri. Siku ya kwanza niliulizwa jina langu mbele ya kipaza sauti, ili wapime sauti. Nikajiuliza nitaje jina langu tu, au na la baba, au na la ukoo. Nilipokuwa bado najiuliza, taa nyekundu ikazimwa.

"Bwana mdogo," sauti ikatoka nyuma ya kioo, "jina lako halibadiliki ukilifikiria."

Huyo alikuwa Fundi Mbwana, aliyesimamia mitambo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya viua iliyopauka, na kalamu nyuma ya sikio ambayo sikuwahi kumwona akiandika nayo. Mimi ni mwanafunzi wake kwa kila kitu nilichojua kuhusu redio. Chumba chetu kilikuwa kimefunikwa mablanketi ya jeshi ukutani ili sauti isirudi. Feni ilizimwa kila tulipokwenda hewani kwa kuwa iliguna kama mzee anayeamka, na mvua kubwa ikinyesha juu ya mabati tuliacha kusema, tukapiga muziki, kisha tukaomba radhi. Dhidi ya kunguru hatukuwa na dawa. Wasikilizaji wa zamani bado wananiambia kwamba wanaukumbuka wakati ule kwa sauti ya kunguru.

Mbwana alinipa mafunzo mawili. La kwanza: kaa shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, useme kama unayemsemesha mtu aliyelala kitanda cha pili, hutaki kumwamsha wa tatu. La pili: sahani ya santuri isikae tupu. Popote pale, kipindi chochote, weka santuri ya akiba, sindano ikiwa juu yake tayari, maana mtu anaweza kupaliwa, karatasi inaweza kupeperuka, waya unaweza kukatika.

"Kimya hewani ni moshi," aliniambia. "Mtu akiuona kwa jirani hangoji kuuliza. Anajua kuna kitu kinaungua."

Funzo la pili nililishika kuliko alivyotaka. Nilikuwa nikiweka santuri ya akiba, kisha naweka nyingine mezani kama ile ya kwanza ina mkwaruzo, na ya tatu chini ya kiti. Mbwana aliniuliza kama ninatarajia vita.

Kati ya vipindi nilivyopewa, kimoja kilikuwa cha Kanisa la Kilutheri, kila Jumamosi alasiri, kikiitwa Nusu Saa ya Faraja. Mimi ni Mwislamu, na niliposikia nimepewa hicho nililala vibaya, nikihofia nitasahihisha neno lisilosahihishika. Nikamwendea Mbwana. Akasema, "Wewe umepewa lugha, hukupewa imani. Soma karatasi."

Msemaji wa kipindi hicho alikuwa Mwinjilisti Zakaria. Mwinjilisti kwao ni mhubiri anayefundisha na kutembelea watu, lakini si mchungaji. Haruhusiwi kubatiza wala kugawa meza ya Bwana. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mkulima. Baba yake, Mkristo, alikuwa na shamba Kiwangwa. Mama yake alifariki akimzaa, ndipo akalelewa mjini Bagamoyo na bibi mzaa mama, ambaye alikuwa Mwislamu na alikufa Mwislamu. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mwinjilisti." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe wa mtaa gani?" Nilipomtajia mtaa na ukoo akacheka. "Kumbe Bi Mwanaisha ni shangazi yako! Nyumba ile nimepigwa mawe sana kwa kuiba maembe."

Kipaza sauti kilimtisha mwanzoni. Alizoea kuhubiri uwanjani, akapiga kelele hadi mishale ya vipimo vya sauti ikaruka. Mbwana akamweleza habari za mtu wa kitanda cha pili. Zakaria akafikiri, akasema, "Basi nitasema kama bibi yangu taa ikishapunguzwa." Tangu siku ile hatukuwa na msemaji wa kumshinda. Alifungua kipindi kwa maneno haya: "Hamjambo wa barazani, hamjambo wa jikoni, hamjambo mlio vitandani." Baadhi ya watu kanisani walilalamika kwamba hiyo si salamu ya Kikristo. Lakini wagonjwa walikuwa wakituma watu mpaka kituoni kusema, mwambieni tumemjibu.

Alasiri za Jumamosi watu walikusanyika kwa shangazi yangu, Bagamoyo. Shangazi alikuwa mjane, na marehemu mumewe alimwachia redio ya betri, kubwa kama kasha. Yeye aliiweka dirishani, uso ukitazama nje. Wanaume walikaa barazani, wanawake walikaa ndani nyuma ya pazia, na ufunguo wa kuwashia ulikuwa mkononi mwake. Karibu wote walikuwa Waislamu. Kwa nini walisikiliza kipindi cha Walutheri? Nilimuuliza. Akanijibu, "Kwa sababu anasema kama mtu aliyelelewa."

Mwaka ule Zakaria alianza kusimulia kisa cha Yusufu, kipande kwa kipande: ndoto, kanzu, kisima, wafanyabiashara, Misri. Kila Jumamosi alikata pale ambapo mtu hangependa akate. Ndipo tukafika nyumbani kwa yule bwana wa Kimisri, na mkewe aliyemtamani Yusufu. Zakaria aliandika hivi: wanawake wa mji walimcheka mke yule kwa kumpenda mtumwa, naye akawaalika, akampa kila mmoja tunda na kisu, kisha akamwita Yusufu apite mbele yao. Wakapigwa na uzuri wake, wakajikata mikono, wala hawakuhisi.

Niliipokea karatasi siku mbili kabla, kama ilivyokuwa kawaida. Niliifikiria sana sehemu hiyo. Zakaria alikuwa ameandika "chungwa", na mimi nikaingiwa na wasiwasi kama Misri ya zamani ilikuwa na machungwa. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa jiografia. Nilimuuliza muuza matunda. Mwisho nikamuuliza Zakaria mwenyewe.

"Bibi yangu alisema machungwa," akajibu.

"Bibi yako alikuwa amefika Misri?"

"Hakuwa amefika hata Pangani. Andika tunda."

Nikaandika tunda, nikaona nimefanya kazi nzuri. Karatasi ikaenda kwa Mkuu wa misheni, Mzungu mpole aliyejifunza Kiswahili ukubwani na kukisoma kwa kidole. Naye akaona tunda, akaona kisu, akatia sahihi. Jumamosi ile Bagamoyo hakuna aliyekohoa.

Jumatatu asubuhi alikuja kituoni Mchungaji Eliya. Hapa lazima niwaeleze mambo ya kanisa lao, kwa kadiri mtu wa nje alivyoyaelewa. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa wakati wa vita, wakaja wengine wa mataifa mengine. Sharika za milimani, huko bara, zilikuwa na shule nyingi na wachungaji wengi. Za pwani zilikuwa chache na changa, wala hazikuwa na mchungaji hata mmoja aliyezaliwa pwani. Mkutano mkuu ulikuwa unakuja baada ya mvua. Watu wa pwani walitaka Zakaria abarikiwe humo kuwa mchungaji wao. Wengine, ambao ndio waliokuwa wengi, walitaka pwani isimamiwe na Mchungaji Eliya, mtu wa milimani, aliyesoma sana. Na pande zote mbili zilikuwa zimeshang'amua kwamba anayesikika redioni kila Jumamosi ameshaanza kuchaguliwa.

Eliya hakuwa mtu mbaya. Alivaa koti katika joto lile na hakulilalamikia. Alitukuta Zakaria nami tukifanya mazoezi, akaamkiana nasi vizuri, akaweka Biblia juu ya meza.

"Ndugu Zakaria, nionyeshe wanawake wa visu."

Zakaria akatabasamu, akaifungua Mwanzo bila kutafuta. Akasoma kimya. Akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kidole chake kikawa kinashuka polepole kama mtu anayepapasa sarafu mchangani.

"Wamo hapa," akasema. "Wamekwenda wapi?"

"Hawajaenda popote. Hawajawahi kuwamo."

"Mchungaji, mimi nimesoma sura hii maisha yangu yote. Kila nikifika hapa nawaona. Nawaona na damu zao."

Nami, kwa nia njema kabisa, nikasema, "Kwetu wamo. Katika Sura ya Yusufu."

Eliya akanigeukia. "Ahsante, mwalimu. Ndivyo nilivyokuja kusema." Kisha kwa Zakaria, kwa sauti ya chini, "Sina ugomvi nawe, ndugu yangu. Lakini watu wangu wataniuliza, huko pwani mnahubiri kitabu gani? Niwajibu nini?"

"Wajibu kwamba nililelewa na bibi."

"Hilo ndilo wanaloliogopa."

Nimelifikiria kosa hilo tangu siku ile, na bado sijui nimwite nani mwenye kosa. Mtu wa milimani asingeliweza kulifanya. Angekwenda kitabuni, kwa kuwa kisa alikikuta kitabuni. Zakaria alikikuta mkekani, kabla hajajua kusoma, na alipojua kusoma alisoma juu ya sauti ya bibi yake. Mimi nilikuwa msahihishaji, lakini kwangu kila kitu kilikuwa mahali pake. Tuliokaa mezani pale kuchunguza kisa kile wote tulikuwa watoto wa mji mmoja, ndiyo maana tuliulizana habari za machungwa.

Jumamosi iliyofuata Zakaria aliomba radhi hewani. Alisema wale wanawake alipewa na bibi yake, si na Maandiko, na kwamba anawarudisha kwa heshima. Nilidhani mambo yatatulia. Yakachafuka pande zote. Milimani walisema, kumbe alikuwa akijua. Sharika za pwani zikasema mtu wao amedhalilishwa. Na shangazi yangu akanitumia salamu kupitia kwa dereva wa basi: "Muulizeni Mwinjilisti, wanawake wale amewafukuza kwa kosa gani? Walikuwa wamekuja kula tu."

Kipindi kiliendelea hata hivyo. Yusufu akatoka gerezani, akawa mkubwa wa ghala za Misri. Njaa ikaingia. Ndugu zake waliomuuza wakaja kununua nafaka, wasimtambue. Zakaria akakata pale kikombe cha Yusufu kilipoonekana katika gunia la mdogo wao, na ndugu wote kumi na mmoja wakarudishwa kusimama mbele ya Yusufu. "Yusufu akageuza uso," alisema, kwa ile sauti ya kitanda cha pili. "Atasema, au atawaacha? Jumamosi, tukijaaliwa."

Jumamosi ile hatukujaaliwa. Zakaria alikuwa ameshakaa kitini, ameshainua kidole kupimiwa sauti. Nami nilikuwa nimeshaweka santuri ya akiba, na ya pili, na ya tatu. Simu ikalia katika chumba cha mkubwa wa kituo. Alitoka humo, akaja mpaka kwenye mlango wetu, akasema Kanisa limerudisha muda wake. Hakuna kipindi leo, hakuna wiki ijayo, na sababu zisitajwe.

"Limerudisha kwa nani?" nikauliza.

"Kwetu. Pigeni muziki."

Mbwana akageukia sahani ya santuri. Alishusha sindano. Ndiyo siku niliyojua kwa nini santuri ya akiba isiwe na furaha nyingi: ilikuwa dansi ya harusi, na Zakaria alikuwa bado ameketi mbele ya kipaza sauti, kidole kimeinuliwa. Mimi nilipewa karatasi ya kusoma, iliyosema kwamba kipindi hakitasikika "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Niliisoma, na mpaka leo najiuliza uwezo ule ulikuwa wa nani.

Mkuu wa misheni alifika baadaye, kwa miguu, amelowa jasho. Alimkuta Zakaria katika ujia, nami nilikuwapo kwa kuwa sikujua kama adabu ni kuondoka au kubaki. Alisema wazi, namshukuru kwa hilo. Nusu saa ile imekuwa kamba. Kila upande unavuta. Akimpa Eliya, pwani watajitenga. Akimwachia Zakaria, milimani watasusia mkutano. Asubuhi ile ile wajumbe wa pande zote walikuwa wamemjia, wa kwanza hawajaondoka wa pili wakaingia. "Nimeikata kamba," akasema. "Sasa, Zakaria, nisikilize. Mkutano uko karibu. Nyamaza mpaka hapo. Usihubiri nje ya usharika wako, usisimulie Yusufu kwa mtu. Ukinyamaza, hawatakuwa na la kusema, nami mwenyewe nitakuwekea mikono. Utakuwa mchungaji."

"Na wasikilizaji?" Zakaria akauliza.

"Watasahau. Redio ni upepo."

Mbwana, aliyekuwa akikunja nyaya, akakohoa. Hakuwahi kumsamehe kwa neno lile.

Siku chache baadaye dereva wa basi alinijia tena na salamu za shangazi. Alikuwa amezikariri, maana shangazi alimrudisha mara kadhaa mpaka akazisema sawasawa. "Mwambie Zakaria, mgeni haachwi mlangoni. Watu kumi na mmoja wamesimama mlangoni kwa Yusufu na njaa yao. Nimejaribu mwenyewe kuwaingiza ndani mbele ya jirani zangu, nimeshindwa. Aje awaingize mwenyewe, au atuambie waende zao."

Salamu hizo zilinitesa. Nikizifikisha, nitamvuta mtu nje ya uchungaji wake. Nisipozifikisha, nitakuwa nimeamua badala yake. Tena mkubwa wa kituo akisikia kwamba mtumishi wake anatembeza hadithi zilizokatazwa, nitarudi Bagamoyo na cheti changu ndani ya kitambaa. Nilimweleza Mbwana yote hayo, kwa mpangilio.

"Salamu ni za nani?" akauliza.

"Za shangazi."

"Kwa nani?"

"Kwa Mwinjilisti."

"Wewe umo wapi humo?"

Nikazifikisha. Zakaria alikuwa akipalilia muhogo nyuma ya kanisa lake dogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe, akacheka yale ya watu kumi na mmoja, kisha kicheko kikamwishia.

"Unajua nimengoja miaka mingapi kubatiza mtoto?" akaniuliza. "Nafundisha mimi, naombea mimi, nazika mimi. Siku ya maji, anatoka mgeni mbali ananibatizia watoto wangu, hata majina yao anayasoma vibaya."

"Basi nyamaza, Mwinjilisti. Ni kitambo kidogo tu."

"Ni kitambo kidogo." Akang'oa gugu moja, akalitazama mizizi. "Lakini, mwanangu, mimi niliwaambia tukijaaliwa. Pumzi ninayo, miguu ninayo. Nikikaa, nitasema Mungu hakujaalia, na itakuwa uongo."

Nitatangulia kusema lililompata, ili nisimalizie nalo. Alikwenda Bagamoyo kusimulia, nami nikafuatana naye, na habari zilifika kwa Mkuu kabla ya sisi kurudi Dar. Mkutano ulipofika, jina la Zakaria halikuletwa, na Mchungaji Eliya akapewa pwani. Kwa haki, aliitunza vizuri. Miaka mingi baadaye kanisa lilipata viongozi wake wenyewe, na nusu saa ile ikarudi redioni na kwaya. Zakaria alipelekwa kijijini Miono, akabaki mwinjilisti mpaka mikono yake ikaacha kushika jembe. Sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu. Nilimsikia mara moja akisema kwamba watoto wa Miono wana majina mazuri, na kwamba anayajua yote.

Basi Jumamosi ya safari hiyo tulifika Bagamoyo adhuhuri. Shangazi alitupa chakula kwanza, maana alisema hakuna mtu anayeweza kusema kweli na njaa. Alasiri baraza ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Nilimwona karani mmoja wa usharika wa Kilutheri amekaa mwisho kabisa, amevua kofia, na nilijua atakachokwenda kusema. Zakaria naye alimwona. Akamwamkia kwa jina.

Saa ya kipindi ilipofika, redio ilikuwa inaimba dirishani. Mkono wa shangazi ukatoka nyuma ya pazia, ukaizima.

"Haya, baba. Chombo kimelala. Amka wewe."

"Hamjambo wa barazani," akaanza Zakaria, "hamjambo wa jikoni, hamjambo mlio vitandani."

"Hatujambo!" wakaitikia, na nyuma ya pazia pia, na kutoka nyumba ya pili ikaja sauti nyembamba ya mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza Zakaria kusikia akijibiwa.

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kitanda cha pili. Nilitaka kumwambia apaze, hapa hakuna kipaza sauti, lakini watu walisogea badala ya yeye kupaza. Alipofika kwenye kikombe, mzee mmoja mfua shaba, ambaye kazi yake ilikuwa kukatiza watu, akauliza, "Mwinjilisti, na wale wanawake wa visu?"

"Wale, bwana, nimewaacha kwa bibi. Wanafungwa vidonda vya mikono."

Watu wakacheka, na hata karani akacheka, akajikumbuka. Kisha Zakaria akaendelea. Yusufu akawatazama ndugu zake. Walikuwa wameshika ukanda wa mdogo wao kila mmoja, wakisema tufungwe sisi, huyu arudi kwa mzee. Watu wale wale waliomtia kisimani. Yusufu hakuweza tena kujizuia. Akawaamuru watumishi wake wote watoke nje.

"Hapa," Zakaria akasema, "ilipasa niwatoe na ninyi. Kitabu kinasema hakubaki mtu. Lakini ninyi mmengoja mno. Kaeni."

Akawatazama mmoja mmoja. Halafu akasema, si kwa nguvu, "Mimi ni Yusufu."

Na hapo akaacha.

Mkono wangu ulitoka wenyewe. Nilikuwa natafuta sindano. Nilipapasa ukingo wa baraza, jiwe na mchanga, kutafuta santuri ambayo haikuwapo, kama mtu anayeona moshi. Hakuna aliyekohoa. Mfua shaba alikuwa ameshika ndevu zake. Karani alikuwa ameinamia kofia. Kimya kikaendelea, na mimi sikuwa na cha kukijazia, na polepole nikaona kwamba hakuna kitu kinachoungua.

Vijana, wekeni santuri ya akiba. Siwaambii kinyume cha Mbwana. Na hadithi ya vipande msiirushe kipande cha kwanza mpaka cha mwisho kiwe ndani ya kabati. Hiyo ni kanuni yangu, na sasa mnajua ilikotoka. Lakini mkishapima mitambo, mkishaweka santuri zote tatu, kumbukeni kuna watu upande wa pili. Si kila wakati wanangoja sauti.

Pazia likatikisika. Shangazi alipenga kamasi bila kujificha.

"Na baba yao?" akauliza kutoka ndani. "Yule mzee, yu hai?"

Zakaria akageukia dirisha.

"Ndilo neno alilouliza Yusufu, bi mkubwa," akasema. "Hilo hilo, kabla ya jingine lolote."

"Basi tuambie," akasema shangazi.

Akatuambia.